Ipo, Mwalimu

Mke wangu alisema tufikie kwa wifi yake. Naliweka hili mwanzoni kabisa, kwa sababu nisipoliweka mimi ataliweka yeye, na yeye hulisema kwa sauti.

Mpwa wangu alikuwa anaolewa Kigamboni. Dada yangu mkubwa anakaa Kibada, nyumba ya vyumba vitatu, na kwa hesabu yangu ya haraka wageni waliokuwa wanashuka kutoka Iringa, Njombe na Songea hawakupungua ishirini na saba. Mimi sebule ya dada naijua. Nakijua na kile kizulia. Unalala kati ya watoto sita, mmoja anakupiga teke la mbavu saa nane za usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri mtu anakuruka kwenda kuteka maji. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari, nina miaka arobaini na tisa na joho la mahafali kwenye picha ukutani. Nikasema safari hii hapana. Tutakodi chumba, tutakodi na gari, tutaingia harusini kama watu.

“Wifi atanuna,” mke wangu akasema.

“Kwani atajua?”

Chumba nilikipata kwa dalali wa mtandaoni. Tangazo lilijaa sifa mpaka nikaona aibu kuuliza bei: Sinza, chumba masta, sebule, jiko, AC, maji saa 24, fensi, dakika sifuri kutoka lami, 50,000 kwa usiku. Gari nikalipata kwa kijana mwingine: Toyota IST, namba E, 60,000 kwa siku. Kwa msomaji asiye wa Tanzania niseme kwamba namba zetu za magari huenda kwa herufi. Zilianza A, zikaja B, sasa tuko E, kwa hiyo mtu akikuuliza gari lako namba gani anakuuliza lina umri gani. Namba E ni binti wa juzi.

Nikampigia. “Gari lipo?”

“Ipo, bosi.”

“AC ipo?”

“Ipo.”

“Tairi la akiba lipo?”

“Vyote ipo, bosi wangu, wewe njoo.”

Kama mwalimu nilishughulika na ngeli. Nikasema moyoni, huyu kijana gari kaliweka kwenye I-ZI, na vyote kavibebesha “ipo”. Laiti ningeliangalia neno lenyewe. Dar es Salaam ukiambiwa kitu kipo, umeambiwa hicho tu: kwamba kipo. Kama kinafanya kazi, hilo ni swali jingine, na hukuliuliza.

Tukaondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi na masweta, maana Julai ya kwetu si ya mchezo. Tukateremka Kitonga salama. Ruaha Mbuyuni mke wangu akanunua kiroba cha vitunguu kupitia dirishani. Nikamwambia tunakwenda kwenye ukumbi wenye mapambo, si gulioni. Akasema haendi kwa watu mikono mitupu. Kiroba hicho kikumbukwe. Saa kumi jioni tukashuka kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis, jasho likaanza kunitoka kabla sijamaliza ngazi za basi, huku watu wa Dar wanapita wamejifunga makoti wakilalamika kuna baridi.

Chumba kilikuwepo. Hilo siwezi kulikana. Dakika sifuri kutoka lami nayo ilikuwa kweli, ila kati ya lami na chumba palikuwa na baa, na ukuta wa baa ndio ukuta wa kitanda chetu. AC ilikuwepo, imening'inia juu ya mlango kama picha ya babu. Nikamwuliza mlinzi rimoti.

“Anayo mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba yuko wapi?”

“Yupo.”

Maji ya saa 24 yalikuwa kwenye mapipa mawili ya bluu uani. Nadhani saa 24 ndio muda yaliokuwa yamekaa humo. Hayo nilivumilia. Kilichonishinda ni umeme, uliokatika saa sita za usiku wakati baa inaanza kuchangamka, na yenyewe, ajabu, ina umeme wake na unatosha. Kumbe Luku ya chumba chetu, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, imeisha. Sawa, nitanunua. Mlinzi akanipa namba ya mita, nikanunua uniti za 10,000 kwa simu, zikaja tarakimu ishirini. Mita iko wapi? Mita iko chumbani kwa mpangaji wa pili. Mpangaji wa pili yuko wapi? Yupo, yuko kazini. Kazini ni wapi? Mlinzi akanyoosha mkono kuelekea kwenye muziki.

Nikaenda baa usiku huo, mimi, na tarakimu zangu ishirini kwenye kikaratasi, kumtafuta dada mhudumu ambaye jina silijui. Mke wangu baadaye alitaka maelezo ya safari hiyo kwa utaratibu. Dada wa watu alikuwa muungwana. Akasema, “Baba yangu, siwezi kuacha kaunta, nikitoka saa kumi nakuingizia.” Akatoka saa kumi, akaingiza. Umeme ukarudi na taa zote tulizozisahau zikawaka usoni mwetu.

Asubuhi gari likaja. Kwenye picha lilikuwa namba E. Lililosimama mbele yangu lilikuwa namba C, na naamini hata kati ya hizo C lilikuwa kaka mkubwa. “Ile ya kwenye picha ipo,” kijana akasema, “iko Dodoma na mteja.” Alikuwa na suruali ya kubana na funguo nyingi kama askari magereza. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Tairi la akiba lilikuwepo, halina upepo. AC ilikuwepo, imeisha gesi. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa chini.

“Hiki kioo kinapanda?”

“Kipo, mwalimu. Kimo humo ndani ya mlango.”

Tukaandikishana kwenye karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku. Depoziti 200,000, nikalipa. Sharti moja aliliandika kwa herufi kubwa: GARI HAIRUHUSIWI KUTOKA NJE YA MKOA WA DAR ES SALAAM. Nikasaini bila wasiwasi. Mikoa ndiyo kazi yangu.

Niligundua mbele kidogo kwamba ukikata usukani kulia, honi inalia. Kushoto hailii. Kwa hiyo nikaingia barabara ya Morogoro nikiwapigia honi watu wasionikosea, na pale Magomeni trafiki akanisimamisha, nadhani kwa udadisi tu. Akaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake, akatabasamu.

“Mzee, gari yako inadaiwa. Makosa matatu, kila moja 30,000.”

“Afande, gari si langu.”

“Kila ninayemsimamisha gari si lake.”

Moja ya makosa hayo ni la mwendo, Kibaha, mwezi Machi. Mwezi Machi mimi nilikuwa Iringa nasahihisha majaribio ya kidato cha pili. Lakini harusi haisubiri, nikalipa 90,000, nikapewa risiti, nikaichomeka juu ya dashibodi mahali ambapo sitaisahau.

Sasa, kwenda Kigamboni kuna njia mbili za mtu mwenye haraka. Kuna Daraja la Nyerere pale Kurasini, limefunguliwa 2016, unalipa getini unapita. Na kuna pantoni ya Magogoni. Mke wangu alisema tupite darajani. (Ndiyo, hilo nalo lipo kwenye orodha yake.) Mimi nikataka apande pantoni, aone Ikulu kwa ubavuni, apigwe na upepo wa bahari, nimwelezee mlango wa bandari jinsi ulivyo mwembamba na kwa nini Waarabu na Wajerumani waliupenda. Mtu akikaa miaka ishirini na tatu anafundisha bandari ya asili kwa kuchora ubaoni, anastahili siku moja kuivuka na mkewe.

Utaratibu wa pantoni ni kwamba abiria wote wanashuka garini wanaingia kwa miguu, anabaki dereva peke yake. Nauli ya mtu ni shilingi 200. Ilipopanda kutoka 100 mwaka 2012 kulikuwa na kelele kubwa, na wasiotaka kulipa wakashauriwa wapige mbizi. Mke wangu akalipa. Kwa kuwa kioo changu kimo humo ndani ya mlango, na vijana wa pale Feri wana mikono mirefu, nikampa simu yangu aiweke kwenye mkoba wake. Busara kabisa. Hata leo naiona ni busara.

Tukavuka. Nilikaa kwenye usukani mkono mmoja nje, shati jeupe, kiroba cha vitunguu kiti cha nyuma. Boti ya Zanzibar ikatupita inatoka nje, ikatuachia wimbi, pantoni ikayumba kidogo, nikatikisa kichwa kama nahodha. Dakika zile chache nilikuwa mtu mwenye gari. Nazikumbuka vizuri kwa sababu zilikuwa za mwisho.

Mlango wa pantoni ukashushwa upande wa Kigamboni. Magari ya mbele yakatoka. Nikawasha. Stata ikazunguka, injini kimya. Nikawasha tena. Nyuma yangu lori la mchanga likapiga honi, nyuma ya lori watu wa bodaboda wakaanza kutoa ushauri. Ng'ambo ya mlango kulikuwa na umma mzima unaosubiri kuvuka kwenda mjini, mamia ya watu, wamesimama kama darasa, na mimi ndiye mada.

“Mzee, gari lako linaogopa maji?”

“Mwambie wamefika, lisiogope!”

Baharia mmoja akanigongea bati. “Mzee, weka nyutro.” Wakaja sita, wakasukuma. Maji yalikuwa kupwa, na maji yakipwa ule mteremko wa kutokea unakuwa mkali. Nawafundisha watoto kupwa na kujaa kila mwaka, mvutano wa mwezi, jua na vyote hivyo, lakini sikuwahi kukufahamu kupwa mpaka nilipokuwa nakata usukani nikiwa nimekaa ndani ya gari linalosukumwa mlimani na watu sita wanaohema. Njia ya kutokea inapinda kulia. Honi ikalia mfululizo. Wale wanaosukuma wakadhani nawaharakisha. Mmoja akaacha, akaja dirishani kuniuliza kama nina adabu.

Tulipofika juu kwenye mchanga, mke wangu alikuwa amesimama na gauni la harusi mkono mmoja na simu yangu mkono wa pili. “Kuna mtu kakupigia mara kumi na moja,” akasema.

Ikaita ya kumi na mbili.

“Mzee! Gari yangu unaipeleka wapi?”

“Kigamboni. Harusini.”

“Usinidanganye, naiona kwenye simu! Iko katikati ya bahari! Unaivusha Zanzibar!”

Ndipo nikaelewa. Magari mengi ya kukodi siku hizi yamefichwa kidude chini ya dashibodi, chenye laini ya simu ndani kama simu ya kawaida. Mwenye gari analiona kwenye ramani kama kidoa, na akitaka anatuma ujumbe, kidude kinakata umeme wa pampu ya mafuta, gari linakufa. Kijana alikuwa amekaa Sinza anakunywa chai, akafungua simu, akaona kidoa chake kiko kwenye rangi ya bluu na kinatembea. Akapiga, hapokelewi. Akakata.

“Zanzibar iko kaskazini,” nikamwambia, kwa ile sauti ya darasani. “Sisi tumevuka kwenda mashariki.”

“Mimi ninachoona ni maji, mzee.”

“Na mkataba unasema nisitoke mkoa wa Dar es Salaam. Mkoa una wilaya tano.” Nikaanza kumhesabia kwa vidole, ambavyo yeye havioni. “Ilala. Kinondoni. Temeke. Ubungo. Kigamboni.”

“Zamani tulikuwa Temeke,” kijana wa bodaboda aliyekuwa anasikiliza akachangia, “lakini hata hivyo Dar ni ileile, mwambie.”

“Na wewe,” nikaendelea, nimeshapanda moto, “gari lako lina faini ya Kibaha! Kibaha ni mkoa wa Pwani!”

Kimya kidogo. “Hiyo ilikuwa dharura,” akasema. “Nionyeshe ulipo.”

Nikapiga ya video. Nikamwonyesha mchanga. Akasema mchanga hata Zanzibar upo. Nikamwonyesha pantoni. Akasema boti hiyo. Nilikuwa nimeanza kumweleza latitudo wakati mke wangu aliponichukulia simu.

“Mwanangu,” akasema kwa upole unaotisha, “unaziona hizi pikipiki?” Akapitisha simu taratibu juu ya namba za bodaboda zilizopangwa pale, moja baada ya nyingine. “Hebu nisomee. Kuna hata moja imeanza na Z?”

Namba za Zanzibar huanza na Z. Miaka ishirini na tatu ya Jiografia haikunikumbusha hilo.

“Hapana, mama,” kijana akasema. “Samahani, mama. Naiwasha.”

Akaiwasha huko kwake. Kwetu haikuwaka. Akatuma tena. Akasema kuwasha kupo, ila kidude kinachelewa kupokea, tuwe na subira. Tukawa na subira saa nzima na dakika arobaini, juani, mbele ya wauza mihogo. Vitunguu vikaanza kunukia kwa namna ya peke yake. Na katikati ya subira hiyo bajaji ikasimama, akashuka dada yangu, aliyekuja Feri kupokea maua ya ukumbi.

Akanitazama mimi. Akatazama gari. Akamkumbatia mke wangu.

“Mmefika lini?”

“Jana,” mke wangu akasema, haraka mno kwa maoni yangu.

“Jana. Mmelala wapi?”

Nikatazama bahari.

“Sinza,” mke wangu akasema.

“Sinza,” dada akarudia, si kwangu, kwa wale wauza mihogo. “Mdogo wangu, tumbo moja, nimembeba mgongoni huyu, kaja kuoza mtoto wangu, kalala Sinza. Kama mtu asiye na ndugu. Sinza ipi? Ile ya mabaa?”

“Ukuta na ukuta,” mke wangu akasema.

Nilikwenda kuwasha gari si kwa matumaini bali kupata mahali pa kukaa. Likawaka. Tukapakia maua, tukampakia dada mbele, mke wangu akakaa nyuma na vitunguu, tukashika njia ya Kibada. Kila kona ya kulia honi ililia, na kwa kuwa gari limejaa maua, watu waliokuwa barabarani wakatupisha na kupiga vigelegele. Dada aliwapungia mkono. Kwangu hakusema neno mpaka nyumbani.

Harusi ilikuwa nzuri. Usiku ule na usiku uliofuata nililala sebuleni kwa dada, kwenye kizulia, nikiwa nimeshalipia Sinza hadi Jumapili. Kulikuwa na feni. Lilikuwepo na lilikuwa linazunguka, nikabaki nalitazama muda mrefu. Saa nane nikapigwa teke la mbavu.

Jumapili nilirudisha gari, safari hii kwa darajani. Kijana alilizunguka mara mbili, akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

“Mwalimu, hii harufu ya nini?”

“Vitunguu.”

“Itabidi nikate hela ya kuosha ndani.”

Nikamwambia akate, lakini aongeze 90,000 zangu za faini. Akauliza risiti ipo? Nikasema ipo, nikageuka kwenye dashibodi nilikoichomeka mahali ambapo sitaisahau, na nikakumbuka upepo wa pantoni, na kioo kile.

“Basi depoziti yangu tu,” nikasema.

“Hiyo haina shida, inarudi kesho asubuhi kwenye simu.”

Hiyo ilikuwa Julai. Agosti nilimpigia, Septemba nikamwandikia. Wiki iliyopita, tukiwa katikati ya mitihani, nimemtumia ujumbe mfupi wa maneno mawili tu, “Depoziti ipo?”, akajibu palepale, na niseme ukweli, kwa heshima zote:

“Ipo, mwalimu.”